Ukingo wa Karatasi: Magitaa Yaliyovikwa Kung'aa

Karatasi bapa haipendi mviringo. Chukua gazeti ujaribu kufunga mpira: utapata mikunjo, na kila mkunjo utakaoubana utazaa mwingine pembeni yake. Bodi ya gitaa la umeme ina tabia zote mbili kwa pamoja. Mbele imenyooka, pembeni imezungushwa, na kwenye zile pembe mbili zinazoikumbatia shingo mviringo unageuka ghafla na kuingia ndani. Yeyote aliyetaka gitaa ling'ae kwa kulibandika kitu, badala ya kulipaka rangi, amekutana na tatizo hilo. Kwa macho ya fundi, historia nzima ya magitaa ya namna hii inasomeka pale pembeni, karatasi inapoishia.

Mimi natengeneza magitaa Magomeni, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni vijana wanaopiga makanisani, wachache ni wa bendi za dansi. Siku hizi wanakuja na picha kwenye simu: gitaa lililovikwa foili ya hologramu, ile inayotoa rangi zote za upinde wa mvua ukiigeuza mbele ya taa. Wengine wanataka niwafanyie, wengine wanaomba maelekezo wakafanye wenyewe nyumbani. Karibu wote wanaamini ni jambo la juzi. Foili ni mpya kweli, lakini kazi ya kulivika gitaa ina miaka sabini sasa, na wanaoianza leo sebuleni wanastahili kujua nani wamewatangulia.

Ilianzia kwenye ngoma. Kampuni ya Gretsch ya Brooklyn, New York, iliyoanzishwa mwaka 1883 na mhamiaji kutoka Ujerumani, ilijulikana kwa ngoma kabla haijajulikana kwa magitaa. Miaka ya 1950 ilipoingia kwenye ushindani wa gitaa la umeme, kiwandani mwake tayari kulikuwa na mabunda ya plastiki ya kuvikia ngoma, yenye chembechembe za kumeta zilizofungiwa ndani. Wakakata kipande, wakakibandika kwenye uso wa gitaa, na katikati ya muongo ule likatoka gitaa walilolipa jina la Silver Jet. Ngoma ni duara lililonyooka, plastiki inaizunguka bila mkunjo hata mmoja. Gitaa lilikataa. Kwa hiyo wakavika uso wa mbele peke yake, wakauzungushia ukingo utepe wa plastiki ili ule mkato usionekane, na pembeni na nyuma wakaacha mbao iliyopakwa rangi. Nalipenda sana suluhisho lile. Halikulazimisha karatasi ifanye isichoweza.

Waliojua kuuvika mviringo kwelikweli walikuwa mafundi wa kodiani. Castelfidardo, mji mdogo wa kilimani mashariki mwa Italia, umekuwa ukitengeneza kodiani tangu Paolo Soprani alipoanza mwaka 1863. Ngozi ya kodiani, ile yenye mng'ao wa lulu ambayo msikilizaji wa taarab ya Unguja ameiona mara nyingi jukwaani mapajani mwa mpigaji, kwa muda mrefu ilikuwa seluloidi. Seluloidi hulainika kwa joto na huyeyuka kidogo kwa asetoni, na fundi mwenye mkono mzuri aliweza kuivuta juu ya kona ikakaa bila mkunjo. Ina ubaya wake pia, kwani hushika moto haraka ajabu.

Rock and roll ilipoishusha kodiani sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, mafundi hawa hawakutupa seluloidi yao. Oliviero Pigini akaanzisha EKO mjini Recanati, jirani na Castelfidardo, mwaka 1959, na magitaa yake ya umeme ya mwanzo yakatoka yamevikwa kumeta kwa dhahabu, fedha na lulu. Huko Sweden nako, kampuni ya Hagström iliyokuwa ikiuza kodiani tangu miaka ya 1920 ilitoa gitaa lake la kwanza la umeme mwaka 1958. Mbele lilikuwa na plastiki ya kumeta, na lilikuwa na safu ya vitufe vya kubonyeza ambavyo mpiga kodiani angevitambua mara moja. Ukilitazama unaona kodiani iliyotolewa viriba vyake ikafungwa nyuzi. Nasema hivyo kwa heshima. Watu wale walikuwa wanazama kibiashara, wakaogelea kwa ufundi waliokuwa nao mikononi.

Habari ninayowasimulia wateja kwa kirefu zaidi, hata hivyo, ni ya mwaka 1968. Fender ya Fullerton, California, ilikuwa imeshanunuliwa na shirika la CBS mwaka 1965. Vijana wa Marekani walikuwa wamevaa mashati ya maua, na wakuu wa kampuni wakataka gitaa livae shati lile. Hawakutafuta mchoraji. Walichukua karatasi ya ukutani yenye gundi mgongoni, ya kupambia nyumba, wakaibandika kwenye bodi ya Telecaster, gitaa lao la umeme. Zilikuwa aina mbili: moja ya maua ya buluu, nyingine ya waridi yenye nakshi ya paisley juu ya msingi wa kumeta kama fedha. Nakshi ile haihitaji kuelezwa kwa mtu wa pwani, maana ni korosho ileile iliyo kwenye kanga. Ilitoka Uajemi na Kashmir, ikapita kwenye viwanda vya shali vya mji wa Paisley, Scotland, ikafika ukutani California na kuishia kwenye gitaa.

Tazama jinsi walivyomaliza ukingo. Karatasi ilibandikwa mbele na nyuma tu. Pembeni wakapuliza rangi inayofanana na karatasi, na rangi ile wakaiacha ipande kidogo juu ya uso na kufifia taratibu, hata jicho lisijue karatasi imekoma wapi. Bamba la kuzuia mikwaruzo wakalitengeneza kwa plastiki angavu ili lisifiche ua. Juu ya vyote wakapuliza tabaka nene la vanishi. Hapo ndipo shida ilipolala. Vanishi ile haikushikamana vizuri na karatasi, na mbao hutanuka na kusinyaa kila hali ya hewa inapobadilika. Baada ya miaka michache mengi yakapasuka nyufa nyembamba na kugeuka manjano, mengine yakaanza kubanduka. Biashara nayo haikuwa nzuri, na baada ya muda mfupi yakaondolewa sokoni.

Aliyeyaokoa ni James Burton, mpigaji aliyeingia kwenye bendi ya Elvis Presley mwaka 1969. Alikabidhiwa Telecaster ya waridi, akasimama nayo jukwaani Las Vegas nyuma ya mwimbaji maarufu kuliko wote, na gitaa lililokuwa limekosa wanunuzi likawa la kutafutwa. Miaka ya 1980 kiwanda cha Fender nchini Japani kikayatengeneza upya. Yale ya asili, pamoja na nyufa zake, sasa ni mali ya wakusanyaji.

Wakati viwanda vinahangaika na hayo, wanamuziki walikuwa wameshaanza kazi hii wenyewe, majumbani. London ya mwaka 1967 inatosha kama ushahidi. Syd Barrett wa Pink Floyd alilivika gitaa lake la Esquire plastiki ya rangi ya fedha, akabandika juu yake visahani vya kuakisi mwanga. Mpiga gitaa Jimmy Page alibandika vioo vidogo vya duara kwenye Telecaster aliyopewa na mpigaji mwenzake, Jeff Beck, na baadaye akavibandua akachora joka. George Harrison wa Beatles alilipaka gitaa lake la Stratocaster rangi kali za kung'aa, na kwenye kichwa cha shingo akatumia rangi ya kucha ya mkewe, Pattie Boyd, yenye kumeta. Barrett na Page walilikwepa tatizo la mviringo kwa akili sana, kwa maana kisahani kidogo hakina haja ya kupinda.

Tony Zemaitis, fundi wa London aliyetokea kwenye useremala wa samani, alikwenda mbali zaidi kuanzia mwaka 1970 hivi. Aliuvika uso wa gitaa bamba la chuma akitumaini kupunguza ngurumo ya umeme kwenye pikapu, vile vinasa sauti vya nyuzi. Danny O'Brien, aliyekuwa akinakshi bunduki, akalichonga maua bamba lile. Zemaitis pia alivika mbele tu.

Sasa foili yenyewe. Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, aliibuni hologramu mwaka 1947 huko Rugby, Uingereza, akitafuta namna ya kuboresha hadubini ya elektroni. Ilibidi leza ipatikane mwaka 1960 ndipo wazo lake likazaa picha nzuri, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1968, mwaka uleule wa magitaa ya karatasi ya ukutani, Stephen Benton wa Polaroid alibuni hologramu inayoonekana kwa mwanga wa kawaida, ile ya rangi za upinde. Baadaye ikagunduliwa namna ya kuikandamiza kwenye plastiki kwa mhuri wa chuma, na bei ikaporomoka. MasterCard wakaiweka kwenye kadi zao mwaka 1983 kuwazuia waghushi. Machi 1984 jarida la National Geographic likatoka na tai wa hologramu kwenye jalada, nakala zaidi ya milioni 10. Kilichokuwa cha maabara kikawa cha kufungia zawadi.

Foili tunayobandika leo haina wino wa rangi hata tone. Ni plastiki nyembamba yenye mifereji midogo isiyoonekana kwa macho, iliyokandamizwa kwenye tabaka laini na kuwekewa alumini. Mwanga ukigonga mifereji hiyo unagawanyika, kila rangi inashika njia yake. Uzuri wote umo kwenye mifereji. Ikisawazishwa, unabaki na kioo kilichofifia.

Ndiyo maana ujuzi wa Castelfidardo hausaidii hapa. Seluloidi ilitaka joto. Foili ya hologramu ukiipelekea mashine ya kukaushia nywele kwa karibu ili ikubali kupinda kwenye pembe, mifereji inalainika na rangi zinakufa palepale ulipozihitaji zaidi. Thina kali nayo ina madhara yaleyale, kwa kuwa inaligeuza tabaka lile kuwa la maziwa. Nimeletewa magitaa ya namna hiyo, vanishi ya magari imemwagwa kwa mkono mmoja mzito, na mwenyewe haelewi mng'ao umekwenda wapi.

Anayeniuliza namwelekeza hivi. Ng'oa kila kitu: shingo, pikapu, daraja, vitufe. Ziba kila shimo na upige msasa mpaka kiganja kisihisi chochote, kwa sababu foili ni kioo na kila kibonyeo kitaonekana mara mbili. Foili ya stika, kama zile zinazouzwa Kariakoo kwa ajili ya pikipiki, ibandike kwa maji na tone la sabuni, kama wanavyofanya wabandika tinti za magari, ukisukuma maji kutoka katikati kwenda nje. Iache ikauke kabisa. Kama unataka kuvika mpaka pembeni, tumia ile foili ya kuhamisha wanayotumia saluni kwenye kucha. Unapaka gundi, unasubiri inate, unakandamiza, unachuna plastiki ya juu, na kinachobaki ni utando mwembamba kiasi kwamba unafuata mviringo. Utaona maungio, lakini ukichana vipande bila mpangilio yanageuka kuwa nakshi.

Kwa gitaa la kazi, mimi nafanya kama Fullerton: foili mbele na nyuma, pembeni rangi nyeusi. Naikata foili kwa wembe mpya, milimita mbili ndani ya ukingo. Halafu vanishi ya maji, mikono mingi myepesi kama ukungu, kila mmoja ukauke kwanza, na ile nzito ije mwisho baada ya foili kuzibwa. Nasugua kwa msasa wa maji, halafu napitisha ukucha kutoka kwenye rangi nyeusi kwenda kwenye foili, kuzunguka bodi nzima, pembe zote mbili. Ukucha ukikwama mahali popote, vumbi na jasho la mpigaji vitaingia hapohapo, kwa hiyo napuliza tena na mteja anasubiri wiki nyingine.