Kamiriithu: Chuo kikuu kilipobisha hodi kijijini

Mahali palipokuwa na jukwaa la maigizo la Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, leo pana chuo cha ufundi. Vijana kujifunza kazi si jambo baya. Lakini mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Marekani Mei 28, 2025, nami nikisoma rambirambi, mawazo yangu yalikwenda zaidi kwenye uwanja ule kuliko kwenye vitabu vyake. Siku hizi mhadhiri anayeomba ruzuku ya utafiti wa sanaa hutakiwa aeleze jamii itafaidi nini. Kamiriithu, jamii yenyewe ndiyo iliyokwenda kudai.

Vyuo vya kanda hii vilikuwa vimeshatoka nje ya lango. Makerere ilianzisha kikundi cha maigizo ya kusafiri mwaka 1965, Nairobi ikafuata 1974, na watazamaji hawakutozwa kitu. Ila wanafunzi walifika, wakacheza, wakapanda basi wakaenda zao.

Kwa masimulizi ya Ngũgĩ mwenyewe, ambayo ndiyo ninayoyaegemea hapa, asubuhi moja ya 1976 mwanamke wa kijijini alimjia nyumbani akamuuliza mbona wasomi kama yeye hawawagawii wenzao elimu waliyonayo. Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine tena, mpaka Ngũgĩ akasalimu amri. Wakati huo alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi, Chuo Kikuu cha Nairobi. Julai madarasa ya ngumbaru yakaanza na wanafunzi 55. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wa taasisi ya masomo ya maendeleo ya chuo hichohicho, alikuwa nguzo ya kisomo hicho. Kisomo kilipozaa wazo la mchezo wa kuigiza, mhadhiri Kimani Gecau akaja kuuongoza.

Watu hao watatu ndio waliokuwa mchango mkubwa wa chuo. Jukwaa lilijengwa kwa mikono ya wanakijiji, viti zaidi ya 2,000 mahali palipokuwa nyasi tupu. Wazee walisahihisha lugha ya wasomi, na wafanyakazi wakaeleza mishahara yao ilivyokuwa kiduchu. *Ngaahika Ndeenda* (kwa Kiswahili *Nitaolewa Nikipenda*) ilianza Oktoba 2, 1977. Novemba 16 leseni ikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa, akakaa katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Alipotoka, chuo hakikumrudishia kazi.

Hayo yanajulikana. Kisa kisichosimuliwa vya kutosha ni cha Februari 1982.

Kamiriithu walikuwa na mchezo mpya, *Maitũ Njugĩra*, wa nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, kuhusu enzi za kipande cha mkoloni. Waliomba leseni, hawakujibiwa. Februari 19, siku waliyopanga kuuzindua katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, walikuta milango imefungwa na polisi wako karibu. Basi wakaendelea na mazoezi katika ukumbi wa chuo kikuu. Mazoezi, kumbuka, si maonyesho. Lakini watu walijaa kila jioni, wengine kwa mabasi waliyoyakodi wenyewe kutoka vijijini, wakakaa popote palipobaki nafasi. Ngũgĩ alikadiria kuwa watu kati ya 12,000 na 15,000 waliuona. Wakulima wangapi walikuwa wamewahi kuingia chuoni pale? Kwa siku chache, ukumbi wa chuo ukawa mali ya waliokuwa wakiugharimia kwa kodi zao.

Februari 25 chuo nacho kikafunga mlango. Amri ilitoka juu, naam, lakini ufunguo ulizungushwa na wasomi, na hilo kwangu ndilo doa. Machi 11 serikali ikafuta usajili wa kituo cha Kamiriithu. Kesho yake malori matatu ya polisi yakaingia kijijini, na jukwaa likabomolewa.

Ngũgĩ akaishia uhamishoni. Gecau na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikimbilia Zimbabwe, wakaendeleza huko maigizo ya jamii. Tanzania nayo, mapema miaka ya 1980, wahadhiri wa Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando, waliandaa michezo pamoja na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, bila polisi kuja kubomoa.

Mei 2022 *Ngaahika Ndeenda* ilichezwa tena Nairobi, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, katika Ukumbi wa Kitaifa uleule uliofungwa 1982. Wa Kamiriithu waliotaka kuiona walilazimika kupanda matatu kwenda mjini.