Kuhami si Kuziba

Mwaka 1744 Benjamin Franklin alichapisha mjini Philadelphia kijitabu cha kueleza jiko lake la chuma, lililokusudiwa kutiwa ndani ya meko ya ukutani. Hoja yake ilikuwa kwamba katika meko yaliyo wazi sehemu kubwa ya joto hupotea dohanini pamoja na moshi. Bei ya mafuta ilipopanda kuanzia mwaka 1973, Wamarekani wengi waliyarudia majiko ya kuni. Lakini ukuta wa matofali unaopakana na nje hunyonya joto la jiko na kulitoa nje. Ndiyo sababu wajenzi huuwekea sufi ya mawe, isiyoshika moto.

Hapa mfasiri hana budi kutahadhari. Tukiandika "kuziba", msomaji aweza kuziba dohani, na hewa yenye sumu ikabaki chumbani. Tukiandika "kufunika", aweza kutumia blanketi, akaunguza nyumba. "Kuhami" ndicho kitenzi kifaacho, kwani maana yake ni kukinga. Basi twapendekeza: meko, ingawa asili yake ni wingi wa jiko, yawe jengo la matofali, jiko, chombo cha chuma, dohani, njia ya moshi, kihamijoto, kitu cha kuhami.