Kupishana Angani, Chini ya Irente

Kiswahili kimempa kiumbe mwenye manyoya na chombo chenye injini jina moja: ndege. Ukisimama kwenye mwamba wa Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, utaelewa kwa nini hakuna aliyelalamika. Hapo uko karibu mita 1,000 juu ya tambarare ya Mazinde, na mwewe wanaozunguka bondeni unawaona mgongo, si tumbo. Siku ikiwa angavu hupita na ile nyingine, ya injini, ikitokea upande wa Arusha kwenda Tanga au visiwani. Nayo ikiwa chini chini unaitazama kutoka juu, mabawa meupe yakiteleza juu ya mistari ya mkonge.

Ni rahisi kudhani kwamba kuna mtu mahali fulani anaifuatilia kwenye skrini. Mara nyingi hayupo. Rubani wa ndege ndogo huku analindwa na macho yake, redio yake, na kanuni chache, nyingine zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 100.

Ndege za kwanza kupita hapa zililetwa na vita. Mwaka 1916 Jenerali Smuts, wa upande wa Waingereza, alishuka na bonde la Pangani akiwafukuza Wajerumani, na mbele ya askari wake walitangulia marubani wa kikosi cha 26, wengi wao kutoka Afrika Kusini. Ndege zao, BE2c, zilikuwa za mbao na kitambaa, na kasi yake ilikuwa kilomita kama 115 kwa saa. Basi la Tanga la leo lingeweza kushindana nazo, trafiki wakiwa wamelala. Juni mwaka huohuo Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliipa Lushoto, ikaangukia mikononi mwa Waingereza.

Kugongana hakukuwa hofu ya marubani wale, maana anga ilikuwa tupu. Lakini njia waliyoipita ndiyo inayopitwa hadi leo: ukitoka Moshi, reli chini yako, mto Pangani kulia, ukuta wa Usambara kushoto. Bonde limekuchagulia njia, na limemchagulia hiyohiyo anayekuja kutoka mbele.

Kufuata njia moja kuliua mapema. Tarehe 7 Aprili 1922, kaskazini mwa Ufaransa, ndege ya abiria iliyotoka Paris na nyingine iliyotoka London zilikuwa zinafuata barabara moja, kila moja ikitokea upande wake, chini chini kwa sababu ya ukungu. Zikakutana uso kwa uso. Watu wote 7 walikufa, na hiyo ndiyo ajali ya kwanza ya ndege mbili za abiria kugongana hewani. Kanuni ya kupishana ilikuwepo tayari. Mkataba wa Paris wa 1919 ulisema wanaokutana uso kwa uso, kila mmoja akate kulia. Ukungu haukuwa umesoma mkataba.

Kulia, ndiyo. Dereva anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto anashika kushoto na kupiga honi kwenye kona, lakini rubani aliye juu yake hukata kulia, kama manahodha wafanyavyo baharini. Honi yake ni redio: hutaja alipo, urefu alioko na anakoelekea, kisha husikiliza kama kuna atakayejibu.

Baadaye ikaongezwa kanuni ya urefu. Anayeelekea upande wa mashariki hushika elfu za witiri na kuongeza futi 500; anayeelekea magharibi hushika za shufwa. Basi anayekwenda Tanga hupita futi 5,500 au 7,500, anayerudi Arusha 6,500 au 8,500, na kati yao hubaki mita kama 300 za hewa. Ni hesabu nzuri hadi masika yafike. Mawingu yakilala juu ya Usambara, anayeruka kwa macho haruhusiwi kuingia ndani yake, hivyo wote wawili hushuka. Na wakiwa chini ya futi 3,000 kutoka ardhini, kanuni ya witiri na shufwa haiwabani tena.

Yanabaki macho. Ndege mbili aina ya Caravan zikija uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 300 kwa saa, hukaribiana mita 167 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani ilikadiria kuwa rubani anahitaji sekunde 12.5 tangu aone kitu hadi ndege yake iitikie. Kwa hiyo ni lazima amwone mwenzake akiwa bado kilomita 2 mbele. Kwa umbali huo, mabawa ya mita 16 hayazidi punje ya mchele uliyoishika mkono ukiwa umenyooshwa. Tena ndege mtakayogongana nayo haisogei kwenye kioo. Inayohama kushoto au kulia itakupita. Inayokujia imetulia palepale, kama doa la uchafu, halafu ghafla inajaa kioo chote.

Na rada? Watanzania wanaijua zaidi kwa kashfa yake. Ile ya BAE Systems ilinunuliwa kwa pauni milioni 28, na mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikutunza hesabu ipasavyo, ikakubali kulipa pauni milioni 29.5. Mitaani fedha hizo ziliitwa chenji ya rada, na zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Lakini rada haipindi kona. Kutoka Dar es Salaam, ilikowekwa, hadi Lushoto ni kilomita kama 250 kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa dunia ni duara, ndege iliyo chini ya mita 3,000 inakuwa imezama nyuma ya upeo. Rada mpya zilizofuata ni nne: Dar es Salaam, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), Mwanza na Songwe. Ile ya KIA, kwa bahati mbaya ya jiografia, ina milima ya Upare katikati.

Hata penye mnara wa waongozaji mambo huharibika. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya Safarilink ilipaa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na abiria 39 na wafanyakazi 5. Muda mfupi baadaye waliokuwemo walisikia kishindo. Wakageuza, wakatua Wilson salama. Waliyogongana nayo ilikuwa Cessna 172 ya shule ya urubani, ndani yake mkufunzi na mwanafunzi wake. Iliangukia katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wote wawili wakafa.

Ukungu ukipanda Irente, bonde lote hupotea: mkonge, reli, mwewe. Unasikia injini moja inanguruma chini yako, halafu ya pili. Huwezi kujua kama ni ndege nyingine, au ni lori tu la barabara kuu ya Same.