Kioo kinachotunza maandishi bila betri

Wadau, siku hizi madukani vimejaa vile vibao vyeusi vya watoto. Unachora kwa kijiti, mstari unatokea wa kijani au wa rangi rangi, ukibonyeza kitufe vyote vinafutika. Wengi wanadhani ni tablet ya bei poa. Siyo. Swali ninaloulizwa sana ni hili: mbona maandishi yanabaki hata ukichomoa betri?

Ndani mna fuwele kimiminika, jamii ileile iliyomo kwenye saa za LCD na kikokotoo. Iligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria. Dutu aliyoipasha moto iliyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 ikawa uji wenye ukungu, kwenye 178.5 ndipo ikawa maji safi. Huo uji ndio wenyewe.

Kioo cha kawaida ni kama kengele ya mlangoni: ukiachia kitufe, kelele imekwisha. Umeme ukikatika, molekuli zinarudi zilikotoka na picha inapotea. Hiki cha kibao ni kama swichi ya taa ukutani, inabaki ulipoiacha. Molekuli zake zimejipanga kwa kujisokota kama parafujo. Parafujo zikisimama wima zinarudisha rangi moja ya mwanga. Zikilala ovyo ovyo, mwanga unapita na unaona weusi wa nyuma. Hali zote mbili zinakaa zenyewe, bila umeme. Mgandamizo wa kijiti unazisimamisha, kitufe kinapiga umeme kidogo na kuzilaza zote. Kibao cha Boogie Board cha kampuni ya Kent Displays, Ohio, Marekani, kilitoka hivyo mwaka 2010.

Kwa hiyo betri ikifa utaandika lakini hutafuta. Usikitupe! Badilisha betri. Ila jamani, ile betri ya duara ni hatari kweli: mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili tu. Hakikisha skrubu ya kifuniko imekaza, na ukihisi tu kwamba kameza, mkimbize hospitali hapohapo, usisubiri aanze kulalamika.

Kuna ndugu yake mwenye mbio zaidi. Mwaka 1980 Noel Clark na Sven Lagerwall walionyesha fuwele inayogeuka kwa muda mfupi kuliko sekunde moja ukiigawa mara milioni, na ikatulia hapo ilipogeuzwa. Watu wakatarajia makubwa. Tatizo, nafasi kati ya vioo viwili lazima iwe nyembamba mno, na ukikigonga au kukikandamiza mpangilio wa ndani unavurugika. Ikaishia zaidi kwenye vioo vidogo, kama vile vya kuchungulia ndani ya kamera.

Waingereza wa Malvern nao walichonga vijifereji vidogo sana kwenye uso wa ndani wa kioo ili molekuli zipate mikao miwili. Hiyo ikaenda kwenye vibandiko vya bei vya supamaketi.

Na Kindle je? Hapana, ile ni wino wa chembe nyeupe na nyeusi, siyo fuwele.

Mbona simu hazitumii? Video inabadilisha picha mara 30 au 60 kwa sekunde, sasa hapo kumbukumbu itakuokolea umeme gani?