Neno "Baraza": Kutoka Mlangoni Hadi Jumba la Sheria



Mtu akituambia leo kwamba anakwenda barazani, hatuwezi kujua anakwenda wapi mpaka aongeze neno la pili. Huenda anakwenda Chukwani kutunga sheria. Huenda anakwenda kwenye Baraza la Manispaa kulalamikia taka za mtaani kwake. Huenda ni Baraza la Idd, na kanzu yake imekwisha pigwa pasi tokea jana. Na huenda hana safari yoyote, ila anatoka nje ya mlango wake kukaa na jirani na kunywa kahawa chungu. Neno ni moja, na mambo ni manne. Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna neno hili lilivyopata maana zote hizo, na kwa nini inatupasa sisi, khasa wale miongoni mwetu waliokwisha kukaa katika mabaraza makubwa, tusiisahau maana yake ya mwanzo.

Asili ya neno ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutoka, kujitokeza, kuonekana hadharani. Kwa mzizi huohuo tumepata kitendo "kubarizi". Wazee wetu walikitumia kwa mtu mkubwa anapotoka kukaa na watu, na sisi tunakitumia kwa mtu yeyote anayekaa nje jioni kupunga upepo. Huko Oman "barza" ni mahala anapokaa liwali kupokea watu na kusikiliza mashauri yao, na mgeni anayetembelea ngome za zamani za nchi ile huonyeshwa chumba chenye jina hilo. Kwa hiyo kabla ya kuwa jiwe, na kabla ya kuwa mkutano, baraza lilikuwa tendo: mtu anatoka ndani, na watu wanamwona.

Lilipofika pwani yetu neno lilikuta nyumba. Kila aliyepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe anazijua baraza zile ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizojengwa moja kwa moja na ukuta wa nyumba, kulia na kushoto mwa mlango wa nakshi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ni stara. Nyumba ya mji wetu haikujengwa ili kila apitaye aingie ndani. Mwanamume asiye wa ukoo alipokelewa nje; akaletewa kahawa nje, akazungumza shida yake nje, na watu wa ndani wakabaki na faragha yao. Aliye karibu zaidi aliingizwa ukumbini, ambako mara nyingi mlikuwa na baraza nyingine. Kazi ya pili waijua watoto wa mjini: siku za masika, maji yakijaa njiani, watu hupita juu ya baraza kutoka nyumba hii hadi ile bila ya kulowa miguu. Na ya tatu ni biashara, kwani mwenye kapu la machungwa au sinia la kashata hakuhitaji duka maadamu pana baraza.

Hata hivyo tusiipambe historia. Baraza ya karne ya 19 haikuwa mahala pa usawa. Unguja ile ilikuwa nchi ya mabwana na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Katika mji wa namna hiyo kila mtu alijua nani anakaa, anakaa wapi, na nani anabaki kusimama. Wanawake walikuwa na mazungumzo yao ndani, na mengi yaliyoamuliwa barazani yalikuwa yamekwisha kuamuliwa huko kwanza. Lakini pamoja na hayo, baraza ilikuwa na jambo moja ambalo chumba hakina: ilikuwa wazi. Lililosemwa pale lilisikiwa na wapitao.

Jambo hilo ndilo lililolibeba neno kutoka mlango wa raia hadi mlango wa mfalme. Seyyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake katika miaka ya 1830 na 1840, alikuwa na desturi ya kukaa na watu na kuwasikiliza. Binti yake Seyyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameyaeleza maisha ya jumba la baba yake katika kitabu chake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Kikao hicho cha mfalme kiliitwa baraza, na watu waliohudhuria walikuwa watu wa baraza. Athari yake haijaondoka. Ufalme umekwisha tokea 1964, lakini kila sikukuu ya Idd Rais wa Zanzibar hukaa na viongozi na wananchi katika Baraza la Idd na kuwahutubia.

Tunao ushahidi ulioandikwa kwamba maana hizi zilikuwa bega kwa bega mapema sana. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha kitabu chake cha lugha ya Kiswahili mwaka 1870, mwaka uleule Seyyid Barghash alipotawazwa. Katika orodha yake ya maneno aliieleza baraza kwanza kuwa ni kiti cha mawe, nje ya nyumba au ukumbini, anapokaa mwenye nyumba na rafiki zake. Kisha akaongeza kuwa kwa sababu hiyo ni kikao cha hadhara cha mfalme, na pia shauri linalofanywa humo. Tazameni ngazi hizo: jiwe, kisha kukaa juu ya jiwe, kisha maneno ya waliokaa. Zilikwisha pandwa zote kabla Beit al-Ajaib haijajengwa mwaka 1883.

Ngazi ya nne ilijengwa na Waingereza. Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya yao mwaka 1890, na mwaka 1926 yaliundwa mabaraza mawili ya serikali, moja la utendaji na jingine la kutunga sheria. Hapo baraza lilikoma kuwa kikao kinachoanza watu wanapokaa na kumalizika wanapoinuka. Likawa chombo: lina wajumbe wanaojulikana kwa idadi, lina kumbukumbu zilizoandikwa, na lipo hata siku ambayo hakuna aliyekaa. Wajumbe wa mwanzo hawakuchaguliwa na wananchi. Ilibidi kungojea mpaka Julai 1957 ndipo uchaguzi wa kwanza ukafanywa, tena kwa viti sita tu.

Wakati huohuo neno lilikuwa limekwisha vuka bahari na kuingia bara. Kenya "baraza" likawa jina la mkutano anaouitisha chifu ili kuwatangazia watu amri za serikali, na kwa maana hiyo likaingia hata katika Kiingereza cha nchi ile. Gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 nalo liliitwa Baraza. Lakini tutazame vizuri baraza lile la chifu. Katika baraza ya nyumba, msemaji na msikilizaji wamekaa juu ya jiwe moja, na leo msikilizaji kesho atakuwa msemaji. Katika baraza la chifu mmoja amesimama mbele na wengi wamekaa chini, na maneno yanakwenda upande mmoja tu. Neno halikubadilika hata herufi, lakini ndani yake limepinduliwa. Hatari hiyo ndiyo inayolifuata neno hili mpaka leo, popote linapoandikwa kwa herufi kubwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Disemba 1963, na siku sita baadaye Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa, ambako nako Kiswahili kinatambua Baraza Kuu na Baraza la Usalama. Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na Baraza la Mapinduzi likashika kazi zote mbili, kutawala na kutunga sheria, kwa muda wa miaka 16. Mwaka 1980 likaanzishwa Baraza la Wawakilishi, na Katiba ya 1984 ikayapanga mabaraza hayo kama yalivyo sasa. Jamhuri ya Muungano ina Bunge lake. Sisi tukachagua neno la mlangoni petu. Sina hakika kama waliolichagua walikuwa wanalifikiria jiwe, lakini jiwe limo.

Hapa lugha yenyewe imefanya kazi ambayo aghlabu hatuioni. Mwenyeji wa Unguja akionyesha kiti cha mawe husema "baraza hii imepasuka". Akizungumzia chombo cha serikali husema "Baraza hili limeahirishwa", na yakiwa mengi huwa mabaraza. Neno ni moja, na ngeli ni mbili. Tukumbuke kuwa ngeli hiyo ya pili ndiyo tunayoitumia kukuzia vitu: mtu akawa jitu, nyumba ikawa jumba. Baraza ilipopata madaraka ikahamia kwenye ngeli ya vitu vikubwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 inayakusanya matumizi hayo, lakini mtoto wa Malindi au Shangani aliyapambanua kabla hajajua kusoma.

Wala si sisi peke yetu tulioinua kiti kikawa serikali. Kwa Waingereza neno lao la ubao lilikuja kuwa meza, kisha watu waliokaa mezani, kisha bodi hizi tunazozijua, na mahakimu wao huitwa kwa jina la benchi wanalokalia. Waitaliano walikuwa na wabadilishaji fedha waliokaa nyuma ya mabenchi, na kutokana na neno lao la benchi dunia nzima imepata benki. Kwa hiyo mwenzetu aliyestaafu benki na mwenzetu anayeketi barazani Kiponda, kwa upande wa asili ya maneno, ni watu wa kazi moja!

Kuna na neno lililosafiri kwa njia ya kinyume. "Diwani" ni neno la asili ya Kiajemi. Katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab, baina ya 634 na 644, diwani ilikuwa daftari la majina ya wanaostahiki malipo ya dola. Kutoka daftari ikawa ofisi, kutoka ofisi ikawa baraza kuu la masultani wa Kituruki, na Wazungu walipoiona wakakipa jina hilo kiti kirefu cha mito kilichowekwa ukutani. Pwani yetu ya Mrima diwani alikuwa mtawala wa mji, na leo ni mwakilishi wa kata au wadi. Basi diwani ilianza kitabuni ikaishia kwenye kiti cha mito huko Ulaya, na baraza ilianza kwenye kiti cha mawe ikaishia kwenye kitabu cha sheria.

Na jiwe lenyewe liko wapi? Bado lipo, ingawa halina raha. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na baraza ni sehemu ya urithi huo kama ilivyo milango. Pale Jaws Corner, palipoitwa kwa jina la sinema ya 1975, watu bado wanakunywa kahawa na kupimana kwa hoja. Lakini baraza nyingi za njia kuu zimefunikwa na bidhaa za watalii, na nyumba mpya za nje ya mji hujengwa na ukuta mrefu na geti, bila ya kiti cha mpita njia. Tokea vyama vingi viliporejea mwaka 1992, neno jingine limepata nguvu, nalo ni "maskani". Zamani lilikuwa na maana ya makazi, na sasa ni mahala wanapokusanyika watu wa chama kimoja. Kwenye baraza jirani hukaa na jirani hata kama kura zao hazikutani. Maskani hukaa wanaokubaliana. Faida ya maskani inajulikana, lakini haiwezi kufanya kazi ya baraza.

Ndugu zangu, wengi wetu tumepata kuitwa waheshimiwa katika baraza la aina hii au ile: la mitihani, la mji, la wazee, la michezo. Wengine bado wamo. Wazee walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hao walikuwa wamekaa mahala ambapo kila mtu anawaona. Baraza ya jiwe ina adabu zake tatu: waliokaa wako kimo kimoja, apitaye anaitikiwa salamu na akitaka hupewa nafasi, na lisemwalo husemwa hadharani. Chombo chochote kilichoazima jina hili kimeazima na adabu hizo pamoja nalo. Kikizipoteza kitabaki na jina lenye herufi kubwa, na watu watarudi kusema ukweli wao mlangoni.

Natumai katika mkutano wetu ujao, mahasibu wakisoma hesabu na makatibu wakisoma taarifa, tutapata na saa moja ya kukaa bila ya meza ya mbele. Na mwenye kujua matumizi mengine ya neno hili, kutoka Makunduchi, Nungwi, Pemba au ughaibuni Maskati, amwandikie mhariri ili tuyaweke katika toleo lijalo.