Mdudu kibibi wa Asia: Mla vidukari anayewala pia wenzake

Mdudu kibibi ni mbawakawa mdogo mwenye mgongo wa mviringo na rangi za kung'aa, ambaye chakula chake kikuu ni vidukari. Hao ni wadudu wanaojazana chini ya majani ya sukuma wiki na kabeji, wakifyonza utomvu hadi majani yajikunje. Kwa wenye vishamba vya mboga Kangemi, Uthiru na Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, na kwa watunzaji wa bustani za katikati ya jiji, mbawakawa huyu ni msaidizi asiyedai ujira.

Miongoni mwa wenyeji yumo Cheilomenes lunata, mweusi mwenye mabaka mekundu. Mwaka 2011 wanasayansi waliripoti kwamba mgeni kutoka Asia ya mashariki, Harmonia axyridis, amepatikana Kenya akiishi pamoja naye. Mgeni huyo ana urefu wa milimita 5 hadi 8. Baadhi yao ni wekundu wenye madoa meusi; wengine ni weusi wenye madoa mekundu mawili au manne, na hao ni rahisi kudhaniwa kuwa wenyeji.

Jike hutaga mayai ya manjano kwa mafungu karibu na vidukari. Buu anayeanguliwa ni mweusi, ana miiba na mistari ya rangi ya chungwa ubavuni, na hula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Kwa ulafi huo, Marekani ilianza kumwachilia mashambani mwaka 1916, na nchi za Ulaya zikafuata baadaye.

Hata hivyo, vidukari wakiadimika, hula mayai na mabuu ya wadudu kibibi wengine. Nchini Uingereza, alikogunduliwa mwaka 2004, mdudu kibibi wa madoa mawili alipungua sana baada ya ujio wake. Ndiyo maana mdudu yeyote wa kuletwa kutoka nje hupaswa kuchunguzwa kwanza atakula nini kingine.

Kwa mkulima, hatari iliyo karibu zaidi ni bomba la dawa. Viuadudu vingi huua vidukari pamoja na mabuu wanaowala. Vidukari, ambao majike yao huzaa bila kupandwa, hurejea upesi. Mdudu kibibi huchelewa. Kabla ya kunyunyiza, inafaa jani ligeuzwe na kukaguliwa: buu mwenye miiba si mharibifu wa mboga.