Kopa

Tindiga, wilayani Kilosa, chini ya mwembe, mzee mmoja alitupa karata na kusema, "Kopa hiyo!" Karata yenyewe ilikuwa na moyo mwekundu. Mbona basi hatusemi moyo?

Tulirithi jina, si picha. Karata ni neno la Kireno, na kopa vilevile: copas, yaani vikombe. Wenzake ni uru (dhahabu), shupaza (panga) na pau (magongo). Wareno walicheza kwa picha hizo hasa. Mioyo ni mchoro wa Kifaransa uliokuja baadaye ukakalia jina la watu. (Kukopa fedha ni neno jingine kabisa, ingawa wacheza kamari wanaweza kubisha.)

Kikombe hakikufa, kimebaki kwenye tarot, karata za kupigia ramli Ulaya. Katika seti ya 1909 iliyochorwa na Pamela Colman Smith, ree ya vikombe ni mkono unaotoka winguni ukishika kikombe kinachofurika maji, na njiwa akishuka juu yake. Wapiga ramli huisoma kuwa ni pendo linaloanza. Nasi siku hizi tunatumiana makopa kwenye simu.